Imani Isiyo na Kiti cha Enzi: Roma na Uajemi Mwaka 410

Mwaka 410 ulishuhudia mambo mawili ambayo ni nadra kuandikwa katika ukurasa mmoja. Mapema mwaka huo, katika mji wa Seleucia-Ctesiphon, makao makuu ya Dola ya Uajemi kando ya mto Tigris, kusini kidogo ya mahali ilipo Baghdad leo, maaskofu wapatao 40 walikutana kwa idhini ya mfalme asiyekuwa Mkristo, wakalipanga upya kanisa lao lililokuwa limesambaratishwa na mateso ya miaka mingi. Tarehe 24 Agosti ya mwaka huohuo jeshi la Wagothi chini ya Alaric liliingia Roma, mji ambao haukuwa umetekwa na adui wa kigeni kwa takriban miaka 800, likaupora kwa siku tatu. Huku kanisa lilipata amani mikononi mwa mtawala wa dini nyingine, na kule dola iliyoifanya dini hiyohiyo kuwa dini yake rasmi ilishindwa kuulinda mji ulioipa jina. Matukio hayo mawili, yakisomwa pamoja, yanazua swali ambalo wanatheolojia na watawala wa zama zile walilijibu kwa njia zilizopingana: je, imani inahitaji dola ili isimame, na pale dola inapoikumbatia imani, gharama yake hulipwa na nani?

Swali hilo haliwezi kueleweka bila kukumbuka jinsi watu wa wakati huo walivyoichukulia dini. Kwa Mrumi wa kawaida wa karne ya tatu ibada ilikuwa wajibu wa umma, kama ulivyokuwa ulipaji wa kodi au ukarabati wa kuta za mji. Miungu iliulinda mji, nao mji uliilipa miungu kwa kafara na sherehe, na mtu aliyekataa kushiriki alihesabiwa kuwa anawaponza jirani zake wote, hata kama alikuwa mpole na mwaminifu katika mambo mengine. Ndiyo maana Kaisari Diocletian, alipoanza kuwatesa Wakristo mwaka 303 kwa kuamuru makanisa yabomolewe na vitabu vitakatifu vichomwe moto, hakujiona kuwa anaingilia dhamiri za watu, bali alijiona anarejesha amani kati ya dola na miungu yake.

Ng'ambo ya mpaka wa mashariki hali haikutofautiana sana. Ukoo wa Sasani, ulioitawala Uajemi tangu mwaka 224, uliipa nafasi ya juu dini ya Zoroasta, dini inayofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya Ahura Mazda, Bwana mwenye hekima, na nguvu za uovu na uongo, na ambayo makuhani wake huutunza moto mtakatifu usizimike. Mmoja wa makuhani hao, Kartir, aliyepanda vyeo chini ya wafalme kadhaa, aliacha maandishi yaliyochongwa kwenye mawe huko Naqsh-e Rostam, akijivunia kwamba Wayahudi, Wabudha, Wabrahmana, Wakristo na Wamani walikuwa wamepigwa nchini. Wamani hao walikuwa wafuasi wa Mani, mzaliwa wa Babeli mwaka 216, aliyejitangaza kuwa mtume aliyekuja kukamilisha kazi ya Zoroasta, Buddha na Yesu, na aliyefia gerezani katika miaka ya 270. Yaliyoipata dini yake yanafaa kutazamwa kwa makini: Uajemi ilimwadhibu Mani kwa kuipotosha dini ya Waajemi, na kizazi kimoja baadaye Diocletian akaamuru viongozi wa wafuasi wake wachomwe pamoja na vitabu vyao kwa kosa la kuingiza katika Roma sumu iliyotoka Uajemi. Kwa hiyo, hata kabla Ukristo haujawa dini ya kaisari yeyote, desturi ya kumtazama muumini kama jasusi wa nchi ya pili ilikuwa imekwisha kuota mizizi pande zote mbili za mpaka.

Kaisari Konstantino alipoiteka Roma mwaka 312 na kuufadhili Ukristo hadharani, waumini waliokuwa wakiwindwa jana yake walipata makanisa, ruzuku na heshima, na haingekuwa haki kuwalaumu kwa furaha yao. Lakini dini yao iliingizwa katika nafasi ileile iliyokuwa ya miungu ya kale, yaani nafasi ya mlinzi wa dola na chanzo cha ushindi wake vitani. Jambo hilo linaonekana wazi kabisa katika barua iliyohifadhiwa na Eusebius, askofu wa Kaisaria na mwandishi wa maisha ya Konstantino, ambayo kaisari huyo alimwandikia Mfalme Shapur wa Pili wa Uajemi. Katika barua hiyo Konstantino anaeleza jinsi Mungu wake alivyompa nguvu ya kuwaangusha watawala dhalimu. Anagusia habari za kaisari mmoja wa zamani aliyewatesa Wakristo na kuishia mateka mikononi mwa Waajemi, ambaye bila shaka ni Valerian aliyetekwa mwaka 260. Kisha anaeleza furaha yake kusikia kwamba Uajemi ina Wakristo wengi, na anawakabidhi kwa huruma ya Shapur.

Huenda barua hiyo iliandikwa kwa nia njema kabisa. Hata hivyo, msomaji akijiweka mahali pa Shapur atasikia jambo jingine: mtawala wa dola hasimu, mwenye jeshi kubwa, anamjulisha kwamba ndani ya Uajemi wamo watu wengi ambao yeye, aliye mbali, anawahesabu kuwa watu wake. Tangu siku hiyo kila Mkristo wa Mesopotamia, awe mkulima, fundi au mfanyabiashara, alikuwa amepata mlinzi ambaye hakumwomba, na asiyekuwa na uwezo wa kumlinda. Konstantino alifariki mwaka 337 akiwa katika maandalizi ya vita dhidi ya Uajemi, na wajibu wa kuishi na matokeo ya barua ile ukabaki kwa wale walioikuta imekwisha kuandikwa.

Ukweli unadai isemwe pia kwamba shaka ya Shapur haikuwa bure kabisa. Mwaka huohuo wa 337 mwandishi wa Kisiria aitwaye Aphrahat, aliyejulikana kama mwenye hekima wa Uajemi na aliyeishi chini ya utawala wa Shapur, aliandika hoja ndefu kuhusu vita, akitumia maono ya wanyama katika kitabu cha Danieli kuonyesha kwamba Roma haitashindwa mpaka ajapo yule ambaye ufalme ni wake. Hakuwa mchochezi, wala hakumtaka mtu yeyote ashike silaha. Lakini alikuwa ameyasoma Maandiko kwa namna ambayo historia takatifu ilipita katika mji mkuu wa adui wa mfalme wake, na hilo ndilo hasa ambalo kukumbatiana kwa imani na dola huzaa: humfanya hata mtu wa sala ahesabiwe kuwa na upande vitani.

Mtu aliyebeba uzito wa jambo hilo kuliko wengine alikuwa Simeoni, askofu wa Seleucia-Ctesiphon. Shapur, aliyehitaji fedha za vita, aliwatoza Wakristo kodi ya kichwa maradufu na kumtaka askofu huyo ndiye aikusanye. Masimulizi ya kifo chake yaliandikwa baadaye ili kuijenga imani ya wasikilizaji, na mwanahistoria anapaswa kuyapima kwa uangalifu; lakini kiini cha kisa hicho kinaaminika kwa sababu ni cha kawaida mno, kinahusu kodi. Simeoni alikataa, akisema kwamba watu wake ni maskini na kwamba kazi ya askofu si kuwatoza watu. Mfalme, kwa mujibu wa masimulizi hayo, aliliona jibu hilo kuwa uasi wa watu wanaokaa katika nchi yake huku mioyo yao ikiwa kwa kaisari. Makanisa yalibomolewa, na Simeoni akauawa pamoja na makasisi wengi katika miaka ya mwanzo ya 340, siku ambayo mapokeo yanaitaja kuwa Ijumaa Kuu. Mateso yaliyoanza hapo yaliendelea, kwa vipindi vya ukali na vya nafuu, mpaka Shapur alipofariki mwaka 379.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kisa hicho. Simeoni hakukataa kumtii mfalme, wala hakudai kwamba mfalme asiye Mkristo hana haki ya kutawala. Alichokikataa ni kugeuzwa mkono wa dola juu ya waumini wake. Katika miaka hiyohiyo, upande wa Roma, maaskofu walikuwa wakisafiri kwa magari ya serikali kwenda kwenye mikutano iliyoitishwa na kaisari, wakipewa mamlaka ya kuamua kesi za raia, na kuwashtaki wenzao mbele ya ikulu ili wapelekwe uhamishoni. Kanisa lilikuwa moja kwa jina na kwa sala, lakini mbele ya mamlaka lilikuwa limeanza kuishi maisha mawili tofauti.

Mpaka kati ya maisha hayo mawili ulisogea mwaka 363, na miguu ya watu ikalazimika kusogea pamoja nao. Kaisari Julian, aliyekuwa ameuacha Ukristo na kujaribu kurudisha ibada za kale, aliivamia Uajemi akauawa vitani. Mrithi wake Jovian, akiwa na jeshi lenye njaa ndani ya nchi ya adui, alinunua amani kwa kuutoa mji wa Nisibis, ambao leo ni Nusaybin nchini Uturuki. Mji huo ulikuwa umestahimili kuzingirwa na Shapur mara tatu, na mwanahistoria Ammianus Marcellinus, aliyekuwa askari katika msafara huo, anasimulia jinsi wakazi walivyomsihi kaisari awaache wajitetee wenyewe bila msaada wowote wa dola, naye akawapa siku tatu wawe wamehama. Miongoni mwa Wakristo waliohama kutoka Nisibis alikuwamo Efremu, mtunzi mkuu wa tenzi za Kisiria, aliyeishia Edessa na kufariki huko mwaka 373. Aliyeutoa mji wao kwa Waajemi alikuwa kaisari Mkristo, na hilo lilikuwa funzo kwa yeyote aliyedhani kwamba mtawala wa dini moja na raia wake atawathamini kuliko mipaka yake.

Ndani ya Roma kwenyewe mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 380 Theodosius pamoja na makaisari wenzake walitangaza kwamba watu wote wafuate imani ya Nikea, yaani imani iliyowekwa na mtaguso wa mwaka 325 kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Mwaka 391 na 392 zikafuata sheria za kupiga marufuku kafara za kipagani. Katikati ya miaka hiyo ulizuka ubishani kuhusu madhabahu ya mungu-mke wa Ushindi iliyokuwa ndani ya ukumbi wa seneti, ambako maseneta kwa vizazi vingi walichoma ubani kabla ya vikao. Kaisari Gratian aliiondoa mwaka 382, na miaka miwili baadaye Symmachus, liwali wa mji wa Roma na mfuasi wa dini ya kale, alimwandikia kaisari kijana Valentinian wa Pili akiomba irudishwe. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba siri ya Mungu ni kubwa mno kufikiwa na wanadamu kwa njia moja pekee. Ambrosi, askofu wa Milan, alijibu kwamba kaisari Mkristo hawezi kuigharimia ibada ya uongo, na akamwonya kijana huyo kwamba akikubali atakuja kanisani na hatamkuta kuhani wa kumpokea.

Msomaji wa leo huvutiwa kwa urahisi na Symmachus, na ana sababu. Hata hivyo hoja yake haikuwa mpya, na hapo ndipo fundisho lake lilipo. Karibu mwaka 212 Tertullian wa Carthage, Mkristo, alikuwa amemwandikia liwali wa Afrika akisema kwamba kuabudu kwa hiari ni haki ya kila mtu na kwamba dini haiwezi kushurutisha dini. Lactantius, Mkristo mwingine wa Afrika aliyekuja kuwa mwalimu wa mtoto wa Konstantino, aliandika wakati wa mateso ya Diocletian kwamba ibada inayolazimishwa si ibada. Kwa hiyo katika muda wa vizazi vichache hoja ya uhuru wa dini ilitoka midomoni mwa Wakristo ikaingia midomoni mwa wapagani, bila kubadilika sana, na kila mara iliwasilishwa na upande uliokuwa ukipoteza nguvu. Hilo haliifanyi hoja kuwa ya uongo. Linaonyesha tu kwamba mwanadamu huuona ukweli wake vizuri zaidi akiwa chini. Mwaka 385 Priscillian, askofu kutoka Hispania, aliuawa mjini Trier kwa hukumu ya mahakama ya kaisari baada ya kushtakiwa na maaskofu wenzake, na ingawa Ambrosi na Martin, askofu wa Tours, walichukizwa na jambo hilo, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Hayo yote yalikuwa nyuma ya pigo la mwaka 410. Wakimbizi kutoka Roma walivuka bahari wakaingia Afrika ya Kaskazini, na lawama zikaja pamoja nao: mji uliosimama kwa karne nyingi ukiiabudu miungu yake umeanguka baada ya kuiacha. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alianza mwaka 413 kuandika kitabu cha Mji wa Mungu, kazi iliyofikia juzuu 22 na kumchukua zaidi ya miaka kumi. Sehemu ya kwanza ya jibu lake ni ya kihistoria, kwamba Roma ilipatwa na maafa makubwa hata zama za miungu, na kwamba Wagothi, ambao nao walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Arius yasiyoikubali imani ya Nikea, waliwaacha hai watu waliokimbilia katika makanisa, wakiwamo wapagani. Sehemu hiyo inazima lawama, lakini haigusi mzizi.

Mzizi anaugusa anapodai kwamba wanadamu wamegawanyika katika miji miwili inayotokana na mapendo mawili, pendo la Mungu na pendo la nafsi, na kwamba miji hiyo imechanganyika duniani mpaka siku ya mwisho, kiasi kwamba hakuna dola hata moja inayoweza kujiita mji wa Mungu. Ukiondoa haki, anasema, falme hazina tofauti na magenge makubwa ya wanyang'anyi. Naye anasimulia kisa cha haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu, akamjibu kwamba tofauti yao ni ukubwa wa vyombo tu, kwa kuwa mwenye jahazi moja huitwa mwizi na mwenye merikebu nyingi huitwa mfalme. Eusebius alikuwa ameuona utawala wa Konstantino kama utimilifu wa ahadi za Mungu. Augustino, karibu karne moja baadaye, aliivunja imani hiyo kwa mkono wa mtu anayeipenda Roma lakini anayekataa kuiabudu, na ni vigumu kutaja andiko jingine la zama hizo lililoiweka dini huru zaidi kutoka kwenye bahati ya majeshi.

Na bado, mtu huyohuyo alikuwa akifanya jambo jingine kwa mkono wa pili. Kanisa la Afrika liligawanywa na mfarakano wa Wadonatisti, waliokataa kuwatambua makasisi waliosalimisha vitabu vitakatifu wakati wa Diocletian, pamoja na wote waliowekewa mikono nao. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikusanyika Carthage mbele ya Marcellinus, ofisa wa kaisari, aliyeamua dhidi ya Wadonatisti, na sheria zikafuata za kuwatoza faini kulingana na hadhi ya kila mtu na kuyachukua makanisa yao. Augustino, ambaye hapo awali alipinga shuruti, alikuwa amebadili msimamo, akitumia mfano wa karamu katika Injili ya Luka, ambamo mwenye nyumba anamtuma mtumishi akawalazimishe watu waingie. Alieleza kwamba amewaona walioshurutishwa wakishukuru baadaye.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba alisema hayo kwa unafiki. Lakini hapo kuna mgongano ambao sifa zote za Augustino haziwezi kuuondoa: kwa nadharia dola yoyote yaweza kuwa genge kubwa, na kwa vitendo genge hilo linaombwa liwachape ndugu wapotevu mpaka warudi nyumbani. Marcellinus, ambaye Augustino alianza kumwandikia kitabu cha Mji wa Mungu, alikatwa kichwa mjini Carthage mwezi Septemba mwaka 413 kwa tuhuma za uhaini ambazo wengi waliziona kuwa za kubuni, licha ya maaskofu kumwombea rehema. Upanga ule ulioonekana kuwa mtumishi wa umoja wa kanisa ulikuwa na bwana wake mwingine.

Mkutano wa Seleucia-Ctesiphon ulikuwa na hali tofauti. Yazdgerd wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 399, alitaka amani na Roma, na mjumbe aliyepokelewa kutoka huko alikuwa Marutha, askofu wa mji wa Maypherqat, ambaye mapokeo yanamtaja pia kuwa tabibu aliyemtibu mfalme. Chini ya Marutha na Isaka, askofu wa mji mkuu, maaskofu walisomewa barua kutoka kwa wenzao wa magharibi, wakaipokea kanuni ya imani ya Nikea, miaka 85 baada ya kutungwa kwake, na wakakubaliana kwamba askofu wa Seleucia-Ctesiphon awe mkuu wa kanisa lote la Uajemi. Walimwombea mfalme maisha marefu. Watu waliokuwa wamepoteza baba na babu chini ya Shapur walikuwa sasa wakikutana mchana kweupe, na makanisa yaliyobomolewa yakajengwa upya.

Ni rahisi kuligeuza kanisa hilo kuwa kielelezo safi cha imani isiyotegemea dola, na kumbukumbu za mkutano wenyewe zinakataza kufanya hivyo. Maofisa wakuu wa Yazdgerd walitamka mbele ya maaskofu kwamba atakayewaasi Isaka na Marutha ataadhibiwa na mfalme, na maaskofu waliokuwa wakigombania vyeo walielewa maana yake. Hivyo kanisa la watu wachache, chini ya mtawala anayeuheshimu moto, lilitumia fimbo yake kunyamazisha mabishano ya ndani, kama wenzao wa magharibi walivyotumia fimbo ya kaisari wao Honorius. Kishawishi hicho hakikuhitaji mtawala aliyebatizwa. Fadhila kidogo ya ikulu ilitosha.

Fadhila hiyo ndiyo iliyowaponza mwishoni mwa utawala wa Yazdgerd. Kwa mujibu wa Theodoret, askofu wa Cyrrhus aliyeandika historia ya kanisa kizazi kimoja baadaye, askofu wa Uajemi aitwaye Abda alibomoa hekalu la moto. Mfalme alimwita, akamwambia kwa upole alijenge upya. Abda akakataa, akauawa, na makanisa yakaanza kubomolewa. Hukumu ya Theodoret ni ya mtu anayepima kwa makini: anasema kwamba Abda alikosea kulibomoa hekalu, kwa kuwa hata Mtume Paulo alipokuwa Athene hakuvunja madhabahu yoyote bali alisema na watu, lakini alikuwa sahihi kukataa kulijenga, kwa kuwa kumjengea mtu nyumba ya ibada usiyoiamini ni sawa na kuabudu humo. Mpaka aliouweka Theodoret una thamani kubwa, kwani unatenganisha kukataa kushiriki, ambako ni haki ya dhamiri, na kubomoa cha mwenzako, ambako si haki ya dhamiri yoyote. Kilichosikitisha ni kwamba wakati anaandika, wapagani wa Roma walikuwa wamekwisha kubomolewa mahekalu yao kwa miaka mingi, na kipimo hicho hakikutumika kwa ajili yao.

Mwaka 421, chini ya Mfalme Bahram wa Tano wa Uajemi, vita kati ya dola hizo mbili vilizuka tena. Wanajeshi wa Roma waliteka Waajemi wapatao 7,000 na kuwashikilia huku wakifa kwa njaa. Mwanahistoria Socrates wa Konstantinopoli anasimulia kwamba Acacius, askofu wa Amida, mji ambao leo ni Diyarbakır, aliwakusanya makasisi wake akawaeleza kwamba Mungu hali wala hanywi, kwa hiyo hana haja ya sahani na vikombe. Vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa, vilivyotolewa na waumini, vikayeyushwa. Askofu akawalipa askari fidia ya mateka, akawalisha kwa muda, akawapa posho ya njiani, akawarudisha kwa mfalme wao, yule aliyekuwa akiwatesa Wakristo.

Katika historia yote ya zama hizo ni vigumu kupata tendo linalojibu swali la gharama kwa uwazi kama hilo. Acacius hakuwauliza mateka hao dini yao, ingawa alijua kwamba wengi wao walitoka katika watu wanaouheshimu moto. Hakuomba kwanza hakikisho kwamba mateso yatakoma. Na mali aliyoitumia haikuwa ya hazina ya dola bali ya kanisa lenyewe. Mkataba wa mwaka 422 ulileta ahadi za pande zote mbili za kuwaacha wafuasi wa dini ya upande wa pili waabudu. Ahadi hizo hazikudumu.

Maaskofu wa Uajemi walitoa hitimisho lao wenyewe mwaka 424. Mkuu wao, Dadisho, alikuwa amefungwa gerezani baada ya kushtakiwa kwa mfalme, tena na Wakristo wenzake, naye alitaka kujiuzulu. Maaskofu waliokutana kwa ajili yake walikataa, wakaamua kwamba tangu hapo hakuna atakayepeleka malalamiko dhidi ya mkuu wao kwa maaskofu wa magharibi. Walikuwa wakiondoa mzigo waliotwikwa na barua ya Konstantino, lakini kwa uamuzi huo walipoteza pia mahali pa kukata rufaa. Mtaguso wa Efeso ulipomlaani Nestorius, askofu wa Konstantinopoli, mwaka 431 kwa namna alivyoeleza uungu na ubinadamu wa Kristo, mgawanyiko uliokuwa wa mamlaka ulianza kuwa wa mafundisho pia. Mwaka 489 Kaisari Zeno aliifunga shule ya Edessa kwa kuishuku kuwa na mafundisho ya Nestorius, na kazi yake ikaendelezwa Nisibis, mji uleule ambao Efremu na wenzake waliukimbia mwaka 363 kwa kuwa ulikuwa unaingia mikononi mwa Waajemi. Sasa wanafunzi wa mapokeo yake walikuwa wakimkimbia kaisari Mkristo ili wafundishe Maandiko chini ya mfalme wa dini ya Zoroasta.

Hifadhi hiyo ilikuwa na mpaka wake, kwani aliyezaliwa Mkristo aliachwa, ilhali Mwajemi aliyeiacha dini ya Zoroasta aliweza kuuawa. Mmoja wa wanafunzi wa Nisibis, Mar Aba, alikuwa ameiacha, na mwaka 540 akawa mkuu wa kanisa lote. Makuhani wa moto walimshtaki, na Mfalme Khosrow wa Kwanza, bila kumuua, akampeleka uhamishoni Azerbaijan. Mtoto wa mfalme huyo alipoasi baadaye akiungwa mkono na Wakristo, Khosrow alimtaka Mar Aba akawatulize watu wake, naye akafanya hivyo. Alimtii mfalme katika jambo la amani ya nchi, na hakuirudia dini aliyoamriwa kuirudia.